Karatasi Haivuki Mpaka

Nimestaafu, lakini miguu yangu bado haijaarifiwa. Alfajiri inashuka kitandani yenyewe, inatafuta viatu, inanipeleka dirishani nikatazame kama mvua itawanyeshea watu wa foleni. Foleni gani? Hapa Bluff, pembeni mwa Durban, hakuna foleni ila ya tumbili wanaosubiri mtu asahau kufunga pipa la taka. Binti yangu ananiambia, "Mama, kaa upumzike." Nakaa. Punde nimesimama tena, napanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Basi nimeona afadhali niwaandikie ninyi wenzangu mliobaki ofisini, maana mkono ukipata kazi miguu hutulia kidogo.

Sitasimulia nilivyopanda cheo, kwa sababu cheo kilikuwa kimoja. Nilianza mkalimani, nimemaliza mkalimani. Mshahara nao tuuache ulale. Nitawaambia habari za karatasi, na habari za watu wanaosafiri, kwa kuwa hayo mawili ndiyo yaliyoninyima raha miaka yangu yote pale, na nyinyi mnaoyaona leo kama mambo ya kawaida yatawanyima raha vilevile.

Nilizaliwa Ujiji, mji ambao mtoto hukua akisikia Kiswahili cha pande zote mbili za ziwa, cha kwetu na cha Kongo, na hakuna anayemfundisha tofauti. Durban nilikuja kumfuata mume wangu, fundi mitambo bandarini, Mungu amrehemu. Mwaka 2008, baada ya zile vurugu za kuwafukuza wageni, ofisi ndogo ya ushauri kwa wakimbizi pale mtaa wa Umbilo ikatafuta mtu anayejua Kiswahili, Kiingereza, na Kizulu walau cha sokoni. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Harufu ya mpira ilipanda ngazi kabla yetu, na hata leo nikipita kwa wauza matairi nahisi nimechelewa kazini.

Mkuu wangu alikuwa MaKhumalo, mama wa Kizulu mwenye mwili mkubwa na maneno machache, aliyewahi kuwa karani serikalini kabla ya kuhamia upande wa pili wa meza. Siku yangu ya kwanza nilivaa gauni la sikukuu na viatu vya kisigino, nikidhani nitakaa kwenye kiti nitafsiri. MaKhumalo alinitazama kuanzia juu hadi chini, akaishia kwenye viatu. Akasema, "Nenda ofisi ya wakimbizi ukasimame nao. Ukirudi, tutaanza kazi." Nikasimama na Wakongo, Waburundi na Wasomali tangu asubuhi mpaka mlango ulipofungwa, na nilirudi peku, viatu mkononi. Alinipa maji ya kunywa na beseni la kutia miguu. Akasema sasa naweza kutafsiri.

Kwa wale wapya ambao bado wanachanganya, nieleze upesi. Mtu akiomba hifadhi hapa nchini hupewa karatasi. Si kitambulisho, si pasipoti, ni karatasi yenye picha na muhuri, na ina tarehe ya kufa. Kabla ya tarehe hiyo, mwenyewe lazima arudi ofisini, aonekane, aweke vidole, aongezewe muda. Miezi michache baadaye hivyo hivyo tena, mpaka ombi lake liamuliwe, na ombi linaweza kuchukua miaka ambayo mtoto anazaliwa na kuota meno na kuyang'oa. Sasa sikilizeni hili linalowaponza watu: anayeshika karatasi hiyo akitoka nje ya nchi bila ruhusa ya waziri, karatasi hufa hapo hapo mpakani, hata kama tarehe yake bado. Hata kama alikwenda kuzika. Aliyekwisha kukubaliwa kuwa mkimbizi anaweza kuomba hati ya safari, ila si ya kurudi kule alikokimbia. Mie mwenye ukaazi wa kudumu na pasipoti ya Tanzania nilikuwa natoka na kuingia nipendavyo, alimradi nisipotelee nje miaka mingi. Niliona aibu kusema hivyo mbele ya wateja, kwa hiyo nikirudi kutoka Ujiji nilikuwa nasema nilikuwa mgonjwa.

Vifaa vya kazi vilikuwa vichache. Kwanza mifuko ya plastiki, kwa sababu kina mama huitia karatasi kifuani na kina baba kwenye soksi, na jasho halijui muhuri. Msiwaruhusu waitie gamba la plastiki kule kwenye maduka ya kupiga chapa. Inang'aa vizuri, na karani hana pa kugonga muhuri mpya. Pili kalenda ya ukutani ya kila mteja nyumbani kwake, tuliyoitia alama nyekundu wiki nzima kabla ya tarehe. Tatu swali la MaKhumalo.

Swali lenyewe ni hili. Mteja akiingia, msimuulize kama amesafiri. Atakwambia hapana hata kama vumbi la Bukavu bado liko kwenye mkoba wake. MaKhumalo alinifundisha kuuliza, "Nani amefariki kwenu?" Kwa nini? Kwa sababu watu hawa hawasafiri kwa matembezi. Husafiri kwa msiba. Mtu atadanganya kuhusu safari, lakini hatamdanganyia maiti wake. Ukimuuliza nani amefariki, atakaa, atavua kofia, atakwambia jina, na baada ya jina atakwambia kila kitu.

Nilijifunza thamani ya swali hilo kwa Papa Déo, fundi seremala, mtu wa heshima na suti, mzee wa kanisa. Alichelewa tarehe yake, na badala ya kupita kwetu kwanza akaenda moja kwa moja dirishani kwa karani wa ofisi ya wakimbizi. Kwa Wakongo, kukosa kufika mahali bila sababu ni utovu wa adabu, na hakuna sababu kubwa kama msiba. Hivyo Papa Déo akataka kumwonyesha karani kwamba yeye si mhuni. Akabeba picha ndani ya fremu, yeye na suti yake kando ya jeneza la mama yake kule Bukavu. Akabeba na diski ya video ya msiba, ile ambayo familia huirekodi yote, kuanzia kilio mpaka makaburini, halafu huangaliwa tena huku kwenye saluni na sebuleni, watu wakilia upya. Akampa karani diski hiyo kwa mikono miwili.

Alikuja kwetu jioni ile bila karatasi. "Maman," aliniambia, "mi nilimuonyesha ya kweli yote. Iko pale, natupa udongo ku kaburi. Sasa ananiuliza, uliruka aje frontière, ule mpaka? Mi nikamwambia, mama yangu amekufa, Monsieur, si niliruka tu."

MaKhumalo alifunika uso kwa kiganja na akabaki hivyo. Nilidhani anacheka. Alikuwa analia. Papa Déo akaanza upya kabisa, kama mtu aliyeshuka basi jana, na mambo yake yalituchukua muda mrefu kuyatengeneza. Tangu siku ile nilikuwa siwezi kukaa kwenye kiti mteja akiongea. Nilikuwa nasimama, nazunguka meza, nasikiliza nikitembea. Mlikuwa mnanicheka kwa hilo. Sasa mnajua lilikoanzia.

Baada ya Papa Déo watu hawakuacha kusafiri. Waliongeza ujanja. Ukazuka mtindo makanisani wa kuachia karatasi. Unakwenda kwa mama shemasi, unampa karatasi yako anaiweka ndani ya Biblia yake, mnaiombea, halafu unaondoka kwa njia za porini bila muhuri wa mtu yeyote. Imani yao ilikuwa kwamba karatasi ikilala Durban, na wewe umelala Durban. Msiwacheke. Mtu ambaye kwa miaka mingi ameambiwa kwamba bila karatasi yeye si mtu, mwisho huanza kuamini kwamba karatasi ndiyo mtu, na kwamba mwili unaweza kwenda popote. Wengine walirudi salama. Wengine walikamatwa njiani wakiwa hawana hata kipande cha kuonyesha, maana karatasi ilikuwa inaombewa Umbilo.

Hapo ndipo namfikia Furaha.

Furaha alikuwa anasuka nywele Pinetown, kwenye saluni ya mlango mmoja karibu na kituo cha teksi. Mwembamba, mwepesi wa kucheka, na mikono isiyotulia. Hata akikaa mbele yangu alikuwa anasuka nyuzi za kitambaa cha meza. Tulielewana haraka, wote wawili hatuwezi kutulia. Alikimbia kutoka upande wa Uvira na kumwacha binti yake, Neema, kwa mama yake mzazi. Wakati huo Neema alikuwa bado ananyonya. Kila Furaha alipokuja kabla ya tarehe yake, nilimuuliza nani amefariki, naye alijibu kwa utani, "Bado, Ma Tausi. Bananingoja nipate papier, karatasi ya muzuri, kwanza."

Mwaka 2013 alipanda ngazi bila kucheka. Hakuna aliyekuwa amefariki. Mama yake alikuwa anapoteza macho, kijiji hakilaliki kwa milio ya bunduki, na majirani waliokuwa wakimsaidia walikuwa wanafunga mizigo kwenda kambini Tanzania. Bibi alikuwa ametuma neno: njoo umchukue mtoto wako ningali ninaweza kumwona nikikukabidhi. Na wakati huo huo Furaha alikuwa ameitwa kwenye usikilizaji wa rufani yake, baada ya ombi la kwanza kukataliwa, jambo alilolisubiri kuliko mvua.

"Bananiambia niachie papier kwa mama shemasi," alisema. "Niende, nirudi. Batu wote banafanya hivyo. Mi niko mama gani, mutoto anapotea na mi nasuka nywele ya batu?"

Nilimtafsiria MaKhumalo. Yeye akaniambia nimwambie mambo mawili. Akienda, rufani imekufa, na atarudi na mtoto kwenye nchi ambayo wote wawili hawana karatasi ya kusimamia. Asipokwenda, mtoto anaweza asifike. Akachora mstari mezani kwa kidole. "Mwulize," alisema, "je, bibi anaweza kumleta mtoto mpaka hapa?" Hapa ni ukingo wa mstari, yaani mpakani. Tulikuwa tumeandika kuomba ruhusa ya kusafiri, lakini barua za namna hiyo hazijui mbio, na bunduki zinajua.

Bibi akakubali. Na macho yale! Akavuka ziwa na mjukuu wake, na nilimpigia dada yangu Ujiji awapokee. Dada alinipigia baadaye akilalamika kwamba mgeni hali, halali, anauliza tu gari linaondoka lini. Nikamwambia huyo ni wa kwetu. Kutoka hapo wakashuka Tanzania nzima kwa mabasi, wakaingia Msumbiji kwa viza iliyopatikana kwa taabu, wakashuka tena mpaka Maputo. Mpaka tuliouchagua ulikuwa Kosi Bay, kaskazini ya jimbo letu, kwa kuwa ni karibu na Durban na vibanda vya nchi zote mbili viko jirani. Siku zile Furaha alinipigia simu asubuhi, mchana na jioni. Kama hakunipigia, nilimpigia mimi. Binti yangu alisema tunafanya biashara ya kutishana.

Siku ilipofika tuliondoka na gari la kukodi alfajiri, mimi, Furaha na dereva. Njiani Furaha alisuka ukingo wote wa khanga yangu. Tulikuwa na karatasi yake kwenye mfuko wa plastiki, cheti cha kuzaliwa cha Neema, na barua ya MaKhumalo iliyoeleza kwamba mtoto anakuja kuomba hifadhi pamoja na mama yake. Sheria ilikuwa inaruhusu hilo: mtoto afike mpakani, aseme shida yake, apewe karatasi ya kupitia imfikishe ofisi ya Durban. Mie mwenye pasipoti ningevuka, nimchukue, nirudi naye. Furaha angesubiri upande wetu. Nilimrudilia hayo tangu Umbilo mpaka Manguzi, mji wa mwisho kabla ya mpaka, na kila mara alijibu, "Sharp, sawa, Ma Tausi, nimesikia," kwa sauti ya mtu asiyesikia.

Mpaka wenyewe ni mchanga, uzio na geti. Upande wa pili kulikuwa na malori madogo yaliyopita kwenye mchanga kutoka Maputo, na kina mama wauza korosho. Na pembeni yao, juu ya begi, alikaa mwanamke mzee wa kitenge cha bluu, uso umeelekezwa kwetu kama anayenusa. Msichana alikuwa amesimama nyuma yake na mkono wake begani kwa bibi.

"Ni mama," Furaha alisema. Alianza kutembea. Nikamkamata mkono. Getini palikuwa na askari mmoja na alikuwa anazungumza na dereva wa lori, ametupa mgongo. "Ma Tausi, hakuna mutu anaangalia. Nimusalimie tu, nirudi. Nimubebee mutoto wangu."

"Furaha, kaa kwenye gari."

"Mama yangu amekaa chini! Hawezi kuona! Anazani sitaki kumufikia!"

Nilimwambia nikirudi nikamkuta amevuka, sitamjua. Sikuwa na haki ya kusema hivyo na nilisema. Akakaa kwenye ukingo wa mlango wa gari, akashika mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

Nikagongewa mihuri, nikavuka. Nilimpigia bibi magoti mchangani. "Shikamoo, mama." Hakujua kuitikia marahaba. Kwao hakuna hilo.

"Weye ni nani?"

"Ni Tausi, mama. Ninafanya kazi na Furaha. Nimekuja kumpokea Neema."

"Mi sikumuzaa Tausi. Nilimuzaa Furaha. Namusikia pale sauti yake. Miguu yake imevunjika?"

Nimetafsiri mbele ya mahakimu na mbele ya polisi, lakini siku ile nilitafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo gizani. Nikamweleza kuhusu karatasi. Akauliza ni karatasi ya namna gani inayomkataza mtoto kumwamkia mama yake aliyemzaa. Nikaeleza tena. Akauliza, walioandika sheria hiyo hawana mama? Nikasema wanao, ila wako upande mmoja nao. Hakucheka. Neema, ambaye alikuwa hajasema neno, alikuwa anatazama gari letu. "Ni ule wa kizibao cha njano?" aliuliza. Nikasema ndiyo, huyo ndiye mama yake.

Bibi akapapasa begani, akaushika mkono wa Neema. Kisha akaeleza kwamba kwao mtoto hapewi mtu mwingine njiani. Anayekulea hukutoa kwa mkono wake mpaka kwenye mkono wa mzazi wako, na mzazi huinama, mlezi humtemea mate kichwani kidogo, akimshukuru na kumwachia. Bila hivyo mtoto anakuwa kama kaibwa, na aliyempokea anakuwa mwizi. "Ile baraka haipitake ku simu," alisema. "Nimetoka mbali juu ya ile."

Akamvuta Neema, akambariki yeye kwanza, akamkumbatia mpaka msichana akakohoa. Halafu akaniambia, "Leta mukono. Wa kuume." Nikampa. Akatema mate kidogo katikati ya kiganja changu, akanifumbia vidole kimoja kimoja, akavikandamiza kwa mikono yake. "Muwekee ku kichwa. Usifumbule mpaka ufike."

Basi mzee mzima, mama wa watu, nikaondoka na ngumi. Mkono wa kushoto nimemshika Neema na begi lake, pasipoti nimeibana kwapani. Niliogopa mchanga ungeniangusha, niliogopa askari, niliogopa jasho. Zaidi ya yote niliogopa kutazama kwenye gari, nisije nikakuta mlango mtupu.

Upande wetu palikuwa na fomu ya kuingilia. Nikaijaza kwa mkono wa kushoto, hati mbovu kuliko ya mtoto wa chekechea. Afisa, kijana wa Kizulu mwenye miwani, aliisoma, akanitazama, akatazama ngumi yangu. Akauliza nimeshika nini. Nikasema sina kitu. Akaniambia basi nifungue.

Nilijua Kiingereza cha kutosha kueleza rufani ya mtu kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakikunisaidia. Nikamwambia kwa Kizulu changu cha sokoni, "Yisibusiso sikagogo." Ni baraka ya bibi. Nikamwonyesha kwa kidevu kupitia dirisha, yule mzee wa kitenge cha bluu, ambaye sasa alikuwa amesimama. Afisa akainuka kidogo kwenye kiti, akamtazama vizuri. Akasoma barua ya MaKhumalo, akamuuliza Neema jina lake na jina la mama yake, nami nikatafsiri. Akamwandikia mtoto karatasi ya kupitia, akaipiga muhuri. "Dlula, Mama," alisema. Nipite.

Furaha alikuwa bado kwenye ukingo wa mlango wa gari. Mkanda aliokuwa ameushika ulimwachia alama nyekundu viganjani. Alipotuona alinyanyuka, akamfungulia mtoto mikono, na Neema akarudi nyuma yangu. Alikuwa hamjui. Mikono ya Furaha ikabaki wazi hewani, na mimi sikujua nitazame wapi.

Kisha Neema akasema kutoka nyuma ya gauni langu, "Bibi amesema uinamishe kichwa."

Furaha akapiga magoti mchangani. Nikafumbua vidole. Kiganja kilikuwa kikavu kabisa, na mistari ya kucha zangu imekaa ndani. Nikakiweka kichwani kwake hivyo hivyo. Alikishika kwa mikono yake miwili, akakikandamiza, na hakulia kwa sauti, mabega tu. Ng'ambo ya uzio bibi alikuwa amesimama na mkono mmoja juu, na sidhani kama aliona zaidi ya rangi ya njano ikishuka chini. Alingoja mpaka iliposhuka. Halafu akainama akaokota begi lake na kwenda kwenye malori.

Wiki ile ile ilikuwa tarehe ya Furaha ya kuongezewa muda wa karatasi. Tulikwenda wote, na Neema na karatasi yake, amekubali kushikwa kidole kimoja na si mkono mzima. Foleni ilikuwa kama kawaida. Dirishani karani akatazama karatasi, akamwambia Furaha aweke vidole kwenye mashine, akauliza lile swali analomuuliza kila mtu bila kuinua macho: tangu mara ya mwisho, ametoka nje ya nchi? Nimelitafsiri swali hilo mara nyingi sana, na nimesikia hapana za kila aina, za haraka, za kuapa, za kutazama sakafu. Nikalitafsiri tena.

Furaha akakamata ukingo wa khanga yangu, akaanza kusuka. Akasuka mpaka miguu yangu ikaanza kunicheza, mpaka nikatamani kumjibia.

"Hapana," alisema. "Mama yangu alikuwa pale, namuona, na sikutoka."

Nikatafsiri yote, neno kwa neno. Karani alikuwa ameshaandika hapana, na anamwita anayefuata.